Plasta ya Fundi Magige

Nimefunga kazi mwezi uliopita, na msidhani nimefunga kwa kupenda. Jicho la kulia limeingia ukungu, na mpiga picha wa jicho moja anaweza kufanya kazi, ila mimi jicho lililobaki nalitaka kwa kutazama wajukuu. Ninyi vijana wangu wa studio ya Mugumu mliniaga vizuri. Mkaleta soda, mkaleta keki, mkasema maneno. Halafu mkanipa zawadi: picha yangu mwenyewe, kubwa, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nilishukuru mbele ya watu kwa sababu nililelewa. Sasa niko nyumbani, watu hawapo, nasema ukweli. Ile picha imenikasirisha mpaka nimeigeuzia ukutani.

Nimesimama nje ya studio. Uso wangu unaonekana hadi kovu la utotoni. Miguu hamna, mmenikata magotini. Na nyuma yangu, pale ambapo Mungu aliweka barabara, maduka na kilima, mmeweka uji. Nilipouliza, Nyangi, wewe uliyenipiga kwa simu yako, ukanijibu ukicheka, "Bibi, hiyo ni staili. Simu inafuta nyuma yenyewe, ili wewe utokeze."

Inafuta nyuma yenyewe! Basi kaeni chini niwaambie mimi nilivyopigania nyuma. Mishahara na vyeo sitawasimulia, havikuwa na maana wakati ule na sasa hata sivikumbuki vizuri. Nitawaambia habari ya kamera.

Nilianza kazi Tarime mjini, nikiwa msichana niliyeishia darasa la nne, miaka ile ya ujamaa watu walipokuwa wanaambiwa wahamie vijijini. Studio ilikuwa ya Fundi Magige, mtu mnene, mkali, anayejua kazi. Sikatai, aliijua. Siku ya kwanza alinipa ufagio. Siku ya pili akanipa kazi ya kunyoosha kitambaa cha nyuma. Kilikuwa kimechorwa mlima wenye theluji, na chini yake ziwa la bluu, na bata wawili. Watu walitoka kwetu Gorong'a, wametembea wamezungukwa na vilima vya kweli pande zote, wakaja kusimama mbele ya mlima wa kitambaa. Niliona ni ujinga tangu siku hiyo. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshika ufagio.

Muda si mrefu akaniruhusu kubonyeza. Alikuwa anapenda kukaa kule nyuma, chumba cha giza, akisafisha picha, kwa hiyo mbele alihitaji mkono. Akanikabidhi kamera ndogo ya chuma, nzito kama kilo ya sukari. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaona lenzi imezungushiwa plasta. Plasta kabisa, ile ya kidonda, imezunguka pete zote kama kidole kilichokatwa na jembe.

"Fundi, imeumia?" nikauliza.

"Haijaumia. Hizo namba chini ya plasta si zako. Mimi nimeshazipanga. Wewe mweke mtu pale kwenye alama ya chokaa, hakikisha miguu inaonekana, bonyeza."

"Na mtu akisimama pengine?"

"Kwa nini asimame pengine? Alama si nimechora?"

Miguu kuonekana ilikuwa sheria. Mteja wa wakati ule ukimpiga picha ya kifua peke yake anakuuliza kama unampeleka polisi. Alitaka kofia mpaka kiatu. Kama hana kiatu, alitaka nyayo zake zionekane zimeoshwa. Hilo nalo nililiona ni usumbufu. Unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka mgongo unagonga ukuta.

Wasaidizi wa Fundi wote walifungiwa plasta, lakini wa kiume baada ya muda walifunguliwa na kufundishwa. Mimi nilikaa nayo. Aliwahi kumwambia mteja nikisikia: "Huyu binti ana mkono mtulivu. Namba nikimpa ataolewa nazo." Yaani namba ni mbuzi, nitaziswaga niondoke nazo.

Halafu siku moja akaugua tumbo, na kulikuwa na harusi ya kanisani. Akanituma na kamera na plasta yake. Ile plasta ilikuwa imepangwa kwa kibaraza chetu chenye kivuli. Mimi nikaenda kupiga watu uwanjani, jua la saa sita, wamevaa nyeupe. Picha zilipotoka hamkuwa na bibi harusi. Palikuwa na weupe wenye macho. Kanisa nyuma yao lilikuwa limeyeyuka. Fundi akanisimamisha mbele ya baba wa bibi harusi, akasema, "Msamehe, mzee, binti alitikisa."

Sikutikisa! Mtu anakufunga macho halafu anakulaumu kwa kujikwaa. Mpaka leo nikilikumbuka hilo neno "alitikisa", chai inanichachia mdomoni.

Aliyenifungua macho hakuwa fundi. Alikuwa Mama Awuor, mfanyabiashara kutoka Migori, ng'ambo ya mpaka. Filamu zilikuwa adimu kwetu, yeye akizileta kupitia Sirari kwenye kapu, chini ya omena. Ndiyo maana filamu zetu zilinuka dagaa, na paka wa jirani hawakubanduka mlangoni pa studio. Siku hiyo Fundi alikuwa ametoka. Mama Awuor akaweka kapu chini, akaiona kamera mezani.

"Ai! Nani amefunga kamera bandeji? Imeanguka kwa baiskeli?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akatazama mlangoni, akatoa kwenye kapu kamera aliyokuwa akiiuza, pacha wa ya kwetu, ila yake ilikuwa uchi.

"Kuja hapa, nyar Tarime. Skiza mara moja, sirudii." Nyar kwa Kijaluo ni binti.

Sasa ninyi mnaoanza, na mnaotaka kupiga nchi, si sura tu, sikilizeni nanyi. Simu zenu zina haya yote ndani, na zile kamera nilizowaachia kabatini zinayo nje kabisa, ila hamjawahi kuyagusa.

Pete ya kwanza ni tundu la lenzi. Nne, tano na kitu, nane, kumi na moja, kumi na sita. Namba kubwa ni tundu dogo. Ni kinyume, najua ni kinyume, aliyepanga hivyo simjui, ningekutana naye ningemwuliza alikuwa amekula nini. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi, lakini linaona kitu kimoja tu vizuri, kilicho mbele na nyuma yake linakivuruga. Tundu dogo linabana mwanga, lakini linaona karibu na mbali kwa pamoja, kama mtu anayekaza macho akitazama ng'ombe wake ng'ambo ya bonde.

Pete ya pili ni kasi. Thelathini, sitini, mia na ishirini na tano, na kuendelea. Hivyo ni vipande vya sekunde. Ukibana tundu, lazima upunguze kasi, ili mwanga upate muda wa kuingia. Ukifika thelathini, mkono wa binadamu hautoshi. Tafuta pa kuiegesha kamera.

Pete ya tatu ni umbali. Kwenye kamera zetu ilikuwa na vialama vitatu: kichwa cha mtu, watu wamesimama, na mlima. Mlima umechorwa pale siku zote! Fundi alikuwa ameufunika kwa plasta.

"Sasa hapa ndipo wanaume wenu wanalala," Mama Awuor akasema, kidole kimenata omena. "Unataka mtu aonekane na mlima uonekane, unafanyaje? Ukiweka kwa mtu, mlima unapotea. Ukiweka kwa mlima, mtu anakuwa moshi. Angalia hapa. Kumi na sita huku, na kumi na sita huku, katikati kamstari. Hizi kumi na sita mbili ni milingoti ya lango la boma. Usipeleke mlima kwa kamstari. Peleka mlima kwa mlingoti huu. Halafu soma mlingoti ule mwingine. Chochote kuanzia hapo mpaka kule mlimani kimelala ndani ya boma. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nikarudia. Akanipiga bega. "Na jua ukiliona, sema asante. Jua kali, mia na ishirini na tano na kumi na sita. Likipungua nguvu, unateremka. Basi, niite mwenye duka anilipe."

Ni hayo tu. Alitumia muda mfupi kuliko wa kupika ugali. Fundi Magige alinificha jambo la muda wa ugali kwa miaka.

Halafu amri ya kuhamia vijijini ikafika Gorong'a.

Nyumbani kwetu tulikaa chini ya kilima chenye vichwa viwili, katikati kimebonyea. Boma la marehemu baba, zizi, nyumba ya mama. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alizikwa kando ya zizi. Kaburi halikuwa na saruji wala msalaba. Lilikuwa na mawe tu, na kichwani jiwe moja bapa, kubwa, ambalo wanaume wanne walilisukuma kulifikisha. Ungelijua kwa sababu ulikuwa ukipita hapo kila siku. Sasa tukaambiwa tuhamie kijiji kipya barabarani, na uwanda wote wa maboma yetu utakuwa shamba la kijiji. Trekta litapita.

Mama aliuliza mkutanoni, mbele ya wote, "Na makaburi?"

Kiongozi aliyetumwa akamjibu, "Makaburi yatajulikana tu, mama."

Yatajulikana na nani? Kwa alama gani? Mimi siipingi shule tuliyopata kule kijijini, wala bomba la maji lililotoka siku chache kisha likakauka. Lakini yule mtu alisema "yatajulikana tu" huku anatazama saa yake, na mama akakaa chini kama aliyesukumwa. Usiku huo alinitumia mtu Tarime: njoo na kamera. Alikuwa na neno moja. Siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa Tata, na mahali pale pasipotee.

Bahati, au niite nini, ofisi ya serikali nayo ilitaka picha za kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, zipelekwe juu. Fundi hakutaka kwenda, alisikia watu wana hasira. Akanituma mimi. "Plasta usiguse," akasema.

Nilipiga nyumba zao za mstari asubuhi na mapema, mwanga bado laini. Kisha nikashika njia ya kwetu nikiwa na picha moja imebaki kwenye filamu. Nikamkuta mama anatoa vyombo nje, kaka yangu Mwita anafungua kamba za zizi, na mgambo mmoja kijana, amekuja kuhakikisha nyasi za paa zinashushwa. Amesimama na rungu, anakula ndizi. Ndizi zetu.

Nikaitoa ile plasta kwa meno. Ilikuwa imekaa siku nyingi, ikanitoka na ladha ya gundi na vumbi. Chini yake pete ziling'aa kama mpya. Tundu kumi na sita. Mwanga haukuwa mkali, jua lilikuwa limeingia wingu jembamba, basi kasi nikateremka mpaka thelathini. Mlima nikaupeleka kwenye mlingoti. Kamera ikataka pa kukaa. Nikachukua kinu cha mama, nikakipindua juu ya kichuguu, nikaiweka pale. Nikachungulia. Mawe ya Tata, kilima na mbonyeo wake, na ndani ya mbonyeo, mbali sana, ncha ya kilima kingine imechomoza kama mtoto anayechungulia dirishani.

Mara kukawa na sketi. Mama amekuja kusimama katikati.

"Mama, toka. Napiga kaburi."

"Unapiga mawe bila mtu? Watu wakiona watasema hapa tulikwisha wote."

"Mama, unamfunika!"

"Namfunika nani?"

"Tata! Umemsimamia kifuani!"

Akaruka pembeni kama aliyekanyaga siafu, akaomba radhi kwa yale mawe. Mwita akageuka asionekane akicheka. Lakini kutoka alikataa. Akaenda kusimama kichwani, ubavuni mwa jiwe bapa. Akanawa miguu kwa maji ya kibuyu yaliyobaki, akaipaka samli mpaka ikang'aa.

"Nipige na miguu," akasema. "Ukinikata miguu sikujui."

Mimi nilikuwa nachemka. Filamu imebaki picha moja, wingu linataka kuondoka, na huyu anadai miguu! Nikavuta kinu nyuma, nikachungulia, bado. Nikavuta tena. Miguu ikaingia. Sasa yule mgambo akamaliza ndizi, akafuta mdomo, akaja kusimama karibu na mama, rungu begani, kifua mbele.

"Na mimi niwemo, dada. Unipige vizuri."

Jamani. Mtu amekuja kushusha paa la mama yangu, na anataka kukaa kwenye picha ya kuliaga. Nilitamani kumrushia kile kinu. Lakini kinu kilikuwa kimebeba kamera.

"Mura," yaani kijana, nikamwambia kwa sauti tamu, "hapo ulipo jua linakuharibu sura. Nenda kule kwenye mgomba, simama wima, usipepese. Kule ndiko picha inatoka."

Akaenda, tena mbio. Akasimama kwenye mgomba, pembeni kabisa, nje ya lenzi, amekaza shingo kama jogoo. Nikazuia pumzi. Nikabonyeza. Kamera ikasema neno lake, kisha kile kipini cha filamu kikakataa kuzunguka. Imeisha.

"Nimetoka?" mgambo akauliza.

"Umetoka," nikamwambia. Wala sikumdanganya.

Mchana huo paa lilishushwa. Sitaeleza. Mama hakugeuka nyuma, mimi niligeuka.

Nilipofika Tarime, Fundi akaichukua filamu, akaingia nayo chumba cha giza. Mimi nilikuwa siruhusiwi kuingia humo, wanawake eti tunaingiza mwanga na sketi. Kesho yake akatoka na picha ya mama mkononi, ndogo, anatabasamu, nadra kwake.

"Mama yako ametoka safi. Miguu inang'aa."

Nikaitazama. Mama, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu. Pembeni yake weupe wa karatasi. Kilima hamna. Mawe hamna.

"Fundi, kilima kiko wapi?"

"Nimekitoa. Kilikuwa kimemwota mama yako kichwani kama pembe. Na yale mawe ya nini? Nimemsafisha. Picha ni mtu, Robhi. Picha bila mtu ni filamu iliyokufa."

"Nipe negativu."

"Negativu ni za studio."

Akanipa mgongo, akarudi ndani kuchapa zile nyumba za mstari za ofisi. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa na mapazia mawili meusi, na ndani taa nyekundu, na mezani sanduku la karatasi za picha likiwa wazi. Karatasi zile zilikuwa adimu kuliko filamu. Mwanga ukiziona mara moja, zimekwisha, zote. Mimi nikapita pazia la kwanza, nikashika la pili kwa mikono miwili.

"Fundi."

"Nani huyo? Toka!"

"Ni Robhi, nimeshika pazia. Unanipa negativu ya mama yangu, tena unanichapia picha nzima, na kilima, na mawe, na kila kitu kilichokuwepo, au nafungua na jua la nje liingie lote."

"Wewe! Kuna karatasi za serikali humu!"

"Nazijua. Nimezibeba mwenyewe kutoka kwenye basi."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Nitaondoka na pazia."

Nikasikia maji yanachuruzika kwenye sinia. Nikavuta pazia kidogo tu, upana wa kidole. Kwa kweli lile la nje lilikuwa limefungwa nyuma yangu, mwanga usingeingia hata wa kusomea, lakini yeye ndani hakujua.

"Acha! Acha, mwanamke! Nakuchapia!"

Akachapa. Nikasimama pale pale mikono imeshika kitambaa mpaka ilipokauka. Aliponipa alikuwa ameiangalia muda mrefu, nilimwona. Mawe yalikuwa yanahesabika. Kilima kimekaa na vichwa vyake. Ile ncha ya mbali ndani ya mbonyeo, kali kama sindano. Nilingoja aseme neno la kifundi. Akasema, "Nani alikuruhusu kutoa plasta?"

Kesho yake nikakuta ameifunga plasta mpya, nene zaidi. Mimi kila asubuhi nikawa naibandua, jioni nairudisha. Tulikaa hivyo mpaka nilipoondoka, na wala hatukuwahi kulizungumza. Mgambo naye alikuja kuulizia picha yake. Nikamwambia hakutokea. Akauliza kwa nini. Nikamwambia alipepesa.

Nilihamia Mugumu, nikaolewa, nikafungua studio yangu. Nilipiga vingi. Nilipiga nyika ya kule Machochwe ikiwa imechomwa, na hapo muwe macho: majani yaliyoungua ni meusi, yanakunywa mwanga, fungua tundu namba moja zaidi au utapata picha ya usiku. Maji nayo, kama pale bwawani Manchira jua likiwa juu, yanarudisha mwanga wote usoni mwako, bana tundu. Msiache mashine iamue. Mashine haijui kama unachokitazama ni majivu au maji.

Kisha mama akafariki. Vijiji vilikuwa vimeanza kulegea, watu wengine wamesharudi mahameni kimyakimya. Tukampeleka Gorong'a. Tulipofika pale penye boma letu, sikupajua. Trekta lilikuwa limepita miaka miwili mitatu, kisha likaharibika, kisha vichaka vikaota. Zizi hamna. Kichuguu kimechimbwa, wamefyatulia matofali. Mawe ya Tata yalibebwa kujengea msingi wa ghala la kijiji, na ghala lenyewe halikuwahi kuezekwa. Yatajulikana tu!

Baba mdogo akasema kaburi lilikuwa kule, karibu na mgomba. Mwita akasema hapana, ni huku chini. Wazee wakaanza kubishana, jeneza liko kwenye mkokoteni, jua linapanda. Baba mdogo akasema, "Basi tuchimbe popote, ardhi ni ile ile."

"Popote si ubavuni," nikasema. Nikatoa picha.

Nikaishika mbele ya uso, nikaanza kutembea kichakani na nguo zangu za msiba. Vichwa viwili vya kilima vilikuwepo, lakini ncha ya mbali haikuonekana. Nikaenda kushoto, ikachungulia. Nikaenda tena, ikakaa katikati ya mbonyeo. Lakini ilikuwa fupi, imezama. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, miiba inanichana, wazee wananitazama kama nimerukwa na akili. Ncha ikapanda, polepole, mpaka ikalingana na ile ya kwenye picha. Hapo nikasimama. Hapo ndipo kilipokuwa kinu.

"Mwita, nenda mbele. Mbele. Simama chini ya mbonyeo wa kilima. Sogea. Kilima kikuote kichwani."

"Kiniote?"

"Kikuote kama pembe! Rudi nyuma kidogo, nataka miguu yako. Mama miguu yake ilikuwa hapa kwenye picha. Rudi. Hapo! Sasa piga jembe mguuni pako."

Mara ya kwanza udongo. Akasogea kiganja, akapiga, jembe likalia. Wanaume wakang'oa nyasi, wakafukua kwa mikono. Jiwe bapa. Trekta lililikuna mgongoni likashindwa kuling'oa. Baba mdogo akavua kofia.

Tukamlaza ubavuni mwa Tata. Walipomaliza kufunika, nikatoa kamera yangu. Kumi na sita. Thelathini. Mlima kwenye mlingoti. Safari hii niliazima kiti cha mzee mmoja, nikaiegesha. Watu wakaanza kujipanga mbele ya makaburi, wanakung'uta suti, kama kawaida yetu. Nikawaambia wote watoke.

Mwita akaja nyuma yangu, akachungulia juu ya bega. "Dada, mbona picha haina mtu?"

"Ina watu wawili," nikamwambia. "Ondoa kivuli chako."